Barua za Gramu Nne: Siku Sita Nikifuata Maputo ya Posta ya Paris

Siku ya kwanza, Jumatano

Nimeshuka Paris alfajiri baada ya usiku mzima angani, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimesimama mbele ya Musée de La Poste, Boulevard de Vaugirard, jirani na kituo cha reli cha Montparnasse. Safari hii nimeiwekea nia tangu nilipokuwa karani wa posta mjini Tanga, nikikaa dirishani na mizani yangu. Katika historia yote ya kazi yetu sijui sura inayonigusa kuliko ile ya majira ya baridi ya mwaka 1870 na 1871, wakati mji wa watu wapatao milioni mbili ulipozingirwa na jeshi la adui, na posta yake ikaamua kupita juu ya vichwa vya adui huyo.

Usiku ndani ya ndege nilikuwa nikiyapanga mambo kichwani. Ndugu wawili wa ukoo wa Montgolfier walirusha puto lao la hewa moto hadharani mjini Annonay tarehe 4 Juni 1783, na haukupita muda barua nazo zikapanda. Tarehe 7 Januari 1785 Jean-Pierre Blanchard na daktari John Jeffries walivuka kwa puto mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa. Puto lilipoanza kushuka kuelekea majini walitupa farumi yote, yaani mizigo iliyobebwa kwa ajili ya uzito tu, kisha vyombo, kisha hata baadhi ya nguo walizovaa, lakini barua iliyoandikiwa mjukuu wa Benjamin Franklin hawakuitupa, nayo ikafika. Mwaka 1859 Mmarekani John Wise alipaa kutoka Lafayette, jimbo la Indiana, akiwa amekabidhiwa rasmi mfuko wenye barua 123 za kwenda pwani ya mashariki. Upepo ulikuwa hafifu, akashuka Crawfordsville, umbali usiofika kilomita 50, na mfuko ukamalizia safari kwa garimoshi. Hayo yote yalikuwa majaribio ya siku moja moja. Posta ya puto yenye sheria, nauli, kipimo cha uzito na safari za mara kwa mara ilianzia hapa Paris.

Vita kati ya Ufaransa na Prussia, dola ya Wajerumani wakati ule, vilitangazwa Julai 1870. Mwanzoni mwa Septemba Mfalme Napoleon III alitekwa Sedan, na tarehe 19 Septemba Paris ikawa imezungukwa pande zote. Waya wa telegrafu uliokuwa umelazwa kwa siri chini ya mto Seine nao uligunduliwa na kukatwa. Mkuu wa Posta, Germain Rampont, hakuwa na njia ya nchi kavu wala ya majini. Kwa amri ya tarehe 26 Septemba, barua za wananchi ziliruhusiwa kusafirishwa kwa puto lenye rubani kwa masharti ambayo leo nimeyasoma mara tatu nikiwa nimeegemea kioo cha jumba la makumbusho: uzito usizidi gramu 4, na nauli ni santimu 20 kwa Ufaransa na Algeria.

Naomba msomaji atue kidogo kwenye hizo gramu 4. Karatasi moja ya kawaida ya ofisini, ile tunayoitia katika mashine ya kunakili, ina gramu 5. Kwa hiyo mtu wa Paris aliyetaka kumwambia mamaye aliyeko Lyon kwamba yu hai alitakiwa kutumia karatasi nyepesi kuliko hiyo, aandike pande zote, aikunje iwe bahasha yake yenyewe, kisha abandike stempu. Walioiwahi aerogramu, ile karatasi moja ya rangi ya samawati iliyokunjwa na kugundishwa kingo, wataielewa mara moja. Barua zilizo kwenye kioo hiki zimeandikwa kwa herufi ndogo mno, mstari umeubana mstari, na palipokwisha nafasi mwandishi aligeuza karatasi akaandika pembeni.

Katika chumba hichohicho pana mpira wa zinki wenye mapezi kuuzunguka, mkubwa kuliko nazi iliyo katika kumbi lake. Nimeutazama kwa muda mrefu, lakini habari yake nitaieleza nitakapofika kwenye njiwa wa barua, kwa kuwa yote mawili yanahusu shida ya kuingiza barua Paris.

Siku ya pili, Alhamisi

Asubuhi nilipanda hadi Place Saint-Pierre, uwanja mdogo ulio chini ya kilima cha Montmartre. Leo wageni hupita hapa wakiinua macho kulitazama kanisa la Sacré-Cœur, lakini mwaka 1870 kanisa hilo halikuwepo, maana ujenzi wake ulianza mwaka 1875. Kilichokuwepo ni uwanda wa udongo, mahema machache, na kikosi kidogo cha watu wa maputo kilichoanzishwa na mpiga picha mashuhuri Nadar pamoja na wenzake Jules Duruof na Camille Dartois. Mwanzoni walikuwa wakipandisha puto lililofungwa kamba ili kuchungulia nyendo za adui. Ndipo likaja wazo la kuikata kamba.

Puto la kwanza liliitwa Le Neptune. Lilikuwa chakavu, limetiwa viraka, na ndilo alilopanda Duruof peke yake asubuhi ya tarehe 23 Septemba akiwa na zaidi ya kilo 100 za barua. Alimwaga farumi kwa wingi ili apae haraka juu ya upeo wa risasi, akavuka mistari ya Waprusia, na baada ya muda wa takriban saa tatu alitua Craconville, karibu na mji wa Évreux. Tarehe 7 Oktoba, kutoka uwanja huuhuu, waziri Léon Gambetta aliondoka katika puto la Armand-Barbès kwenda kuandaa majeshi mapya mikoani. Wanahistoria humtaja yeye zaidi. Mimi ninamtanguliza Duruof, kwa sababu Gambetta alipanda akijua kwamba jambo hilo linawezekana.

Jambo moja inafaa liwe wazi, kwa kuwa wengi wetu tunayajua maputo yale yanayowapaisha watalii alfajiri juu ya Serengeti. Hayo hupaa kwa hewa inayopashwa moto na ndimi za gesi inayowaka. Ya Paris yalipaa kwa gesi ya makaa ya mawe, ileile iliyowasha taa za barabarani, ambayo yenyewe ni nyepesi kuliko hewa. Rubani hakuwa na moto wowote. Alikuwa na vitu viwili tu vya kuamua juu au chini: mifuko ya mchanga, ambayo kila akiimwaga alipanda, na kamba ya kilango cha utosini mwa puto, ambayo akiivuta gesi ilitoka akashuka. Kulia na kushoto hakuwa na uamuzi nako. Nahodha wa jahazi hungoja kaskazi au kusi akijua mwezi wake, tena ana tanga na usukani. Rubani wa Paris alipanda katika upepo wowote uliokuwa ukivuma siku hiyo, na mahali pa kushukia alipajua alipopafikia.

Kando ya uwanja huu yamejaa maduka ya vitambaa, ghorofa kwa ghorofa. Niliingia katika moja nikamwomba muuzaji anionyeshe kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubana, cha jamii ile waliyotumia, ambacho sisi tungekiweka kati ya bafta na amerikani. Nilikishika kwa vidole viwili nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha, nikaona nuru ikipenya kati ya nyuzi. Hiki, kikipakwa vanishi ya mafuta ya mbegu za kitani ili kizibe, ndicho kilichokuwa ukuta kati ya gesi na baridi ya Novemba. Nimenunua nusu mita.

Siku ya tatu, Ijumaa

Leo nimetembelea stesheni mbili. Reli zilipokatwa na adui, stesheni za Paris zilibaki kumbi tupu zenye mapaa marefu, na hakuna mahali pengine mjini palipofaa zaidi kutandaza puto la mita za ujazo 2,000. Eugène Godard alifungua karakana katika Gare d'Orléans, ambayo leo inaitwa Gare d'Austerlitz, na Dartois pamoja na Gabriel Yon baadaye wakahamishia kazi yao Gare du Nord. Nilikaa kwenye benchi Austerlitz nikitazama juu, kwenye mihimili ya chuma iliyowekwa miaka ya 1860, nikajaribu kuona badala ya treni vitambaa vikianikwa vanishi ikauke, wanawake wakishona vipande virefu vilivyokatwa kwa umbo la ganda la chungwa, na wanaume wakisuka nyavu za kufunika puto na kulibeba kapu.

Tatizo halikuwa maputo pekee. Kila puto lililoondoka liliondoka na rubani wake, wala rubani huyo hakuweza kurudi. Marubani wa kazi walikuwa wachache, wakaisha. Waliochukuliwa badala yao walikuwa mabaharia waliokuwa wakilinda ngome za Paris, watu waliozoea kamba, nanga, urefu na giza. Mafunzo yao yalifanyika ndani ya stesheni: kapu lilitundikwa kwenye mhimili, baharia akaketi ndani yake, akaamrishwa kumwaga farumi, kuvuta kamba ya kilango, kutupa nanga. Kisha siku ikifika alipewa mifuko ya barua, abiria mmoja au wawili, kitundu cha njiwa, na akaachiwa.

Waprusia nao hawakulala. Kiwanda cha Krupp kiliunda bunduki maalumu ya kulenga maputo, iliyobebwa juu ya gari, na baada ya maputo kadhaa kutekwa, kuanzia katikati ya Novemba safari zilihamishiwa usiku. Hapo hatari ya risasi ilipungua na hatari ya kupotea ikaongezeka.

Gare du Nord nilifika jioni, umati ukiwa mkubwa. Kutoka hapa, tarehe 24 Novemba karibu na saa sita usiku, liliondoka puto la La Ville d'Orléans likiwa na Paul Rolier na Léon Bézier. Kulipopambazuka walisikia mlio waliodhani ni wa treni, kumbe ni mawimbi: walikuwa juu ya bahari. Walitupa mfuko mmoja wa barua ili wapande. Mchana wa tarehe 25 walijiona katika ukungu, miti ya misonobari ikaguswa na kapu, wakaruka wakaangukia thelujini. Walikuwa juu ya mlima Lifjell, nchini Norway, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Paris, baada ya saa zisizotimia 15. Puto lenyewe liliendelea bila watu hadi likaanguka Krødsherad. Na ule mfuko uliotupwa baharini uliokotwa na wavuvi upande wa Mandal, ukapelekwa posta.

Siku nne baada yao baharia Alexandre Prince alipaa peke yake katika puto la Le Jacquard. Lilionekana likipita juu ya rasi ya Lizard, ncha ya kusini ya Uingereza, likielekea Atlantiki. Alikuwa ametupa mfuko wa barua nchi kavu, na barua zile ziliokolewa. Yeye hakuonekana tena. Nilisimama nje ya stesheni nikimfikiria kijana huyo, mbele yake maji matupu, akiinua mfuko wa posta na kuutupa chini mahali ambapo bado palikuwa na ardhi. Mfuko ule ulikuwa pia farumi, na kila kilichotupwa kilimpandisha na kumwongezea muda. Sitaki kumsemea. Lakini barua zilifika.

Siku ya nne, Jumamosi

Nimeshinda kwenye soko la stempu la Carré Marigny, karibu na Champs-Élysées, ambapo wauzaji hupanga meza zao chini ya miti. Mzee mmoja mwenye miwani ya kukuzia alinikubalia kushika barua ya puto kwa mikono yangu, kwanza akanitazama kama najua kushika karatasi ya zamani, nami nikaishika kwa kingo.

Ni karatasi moja iliyokunjwa mara tatu. Usoni imechapwa maneno PAR BALLON MONTÉ, yaani kwa puto lenye rubani. Stempu ni ya buluu ya santimu 20, yenye kichwa cha Ceres, mungu wa mavuno wa Warumi, iliyochapwa ndani ya Paris wakati wa mzingiro, na imepigwa muhuri wenye umbo la nyota ambao kila ofisi ya posta ya Paris ilikuwa na namba yake. Kando yake upo muhuri wa duara wenye tarehe. Mzee akaigeuza. Nyuma palikuwa na muhuri mwingine, wa mji ilikopokelewa.

Huo muhuri wa nyuma ndio wenye ushahidi. Maneno ya usoni yangeweza kuchapwa na yeyote aliyeuza karatasi, na jina la puto kwa kawaida halikuandikwa kabisa. Wakusanyaji hulinganisha tarehe ya kuondoka na tarehe ya kufika, kisha wanapima ni puto gani lililoondoka kati ya siku hizo na lilitua wapi. Nimekuwa nikipiga mihuri kwa miaka mingi bila kufikiri kwamba iko siku mtu asiyezaliwa ataisoma tarehe yangu ili ajue upepo ulivuma upande gani. Ninawaomba makarani wenzangu walio kazini wapige muhuri wao usomeke.

Barua hizi si adimu kama nilivyodhani, kwa sababu ziliondoka nyingi: maputo zaidi ya 60 kati ya Septemba na Januari, yakibeba barua zipatazo milioni 2 na nusu. Machache yaliangukia mikononi mwa adui na mawili yalipotelea baharini, Le Jacquard na Le Richard Wallace, hili la pili likiwa la askari Émile Lacaze, siku moja kabla ya mapigano kusitishwa. Nyingi mno zilifika. Nimeilipia barua ile bei ambayo sitaitaja nyumbani.

Siku ya tano, Jumapili

Hadi Porte des Ternes, upande wa magharibi. Hapa mwaka 1906 ulizinduliwa mnara wa shaba wa kuwaenzi watu wa maputo na njiwa wa mzingiro, kazi ya Bartholdi, yuleyule aliyechonga Sanamu ya Uhuru ya New York. Wakati Wajerumani walipoikalia Paris katika Vita Kuu ya Pili uliyeyushwa kwa ajili ya shaba yake. Nilikuja kwa sababu ya njiwa, ambao bila wao habari hii ni nusu.

Kutoka kwa puto kuliwezekana. Kurudi ndiko kulikoshindikana. Gaston na Albert Tissandier walijaribu mwezi Novemba: walipeleka puto Rouen, wakangoja upepo wa kuelekea Paris, wakapaa, upepo ukageuka, wakaishia mbali na walikokusudia. Mpira wa zinki niliouona siku ya kwanza ulikuwa jaribio jingine: barua za kutoka mikoani zilikusanywa Moulins, zikafungiwa mamia kwa mamia ndani ya mipira hiyo, ikatumbukizwa katika mto Seine ili maji yaifikishe Paris, ambako nyavu ziliwekwa kuipokea. Hakuna hata mmoja uliofika kabla mzingiro haujaisha. Mmoja ulipatikana mwaka 1968 huko Saint-Wandrille, mbali upande wa pili wa Paris, ukiwa umepita mji wote chini ya maji pasipo kuonekana, na barua zikiwa bado ndani.

Njiwa ndio walioweza. Walitolewa Paris kwa maputo, kisha wakaachiwa huko nje warudi kwenye vizimba vyao. Mpiga picha René Dagron aliondoka kwa puto tarehe 12 Novemba na vifaa vyake, akanusurika kutekwa, na kule Tours, kisha Bordeaux, alipunguza kurasa za ujumbe ziwe filamu ndogo nyembamba zisizo na uzito wa kutajwa, ambazo kadhaa zilikunjwa pamoja ndani ya kijimrija cha unyoya na kufungwa kwenye mkia wa njiwa mmoja. Paris zilikuzwa ukutani kwa taa ya picha, makarani wakanakili, na tarishi wakazipeleka majumbani. Kati ya njiwa zaidi ya 300 walioachiwa ni wachache, chini ya robo, waliofika, kwa sababu ya baridi, ukungu, mwewe na bunduki.

Huduma iliyonigusa kuliko zote ni ya kadi za majibu. Mtu wa Paris alimpelekea jamaa yake kwa puto maswali manne, yaliyotungwa ili yajibike kwa ndiyo au hapana. Jamaa alijaza majibu kwenye kadi, na maneno hayo manne tu yakarudi kwa njiwa pamoja na jina. Mtu afikiri atauliza nini, akiwa na maswali manne na mwezi mzima wa kusubiri.

Siku ya sita, Jumatatu

Treni kutoka Gare Saint-Lazare ilinifikisha Évreux kwa muda wa saa moja na kitu, safari ambayo Duruof aliifanya kwa takriban saa tatu angani. Nilikodi teksi hadi nje ya mji, kuelekea upande wa Craconville, nikamwomba dereva asimame. Ni uwanda wa juu, tambarare, ngano imeshavunwa na mashina makavu yamebaki kwenye udongo wa rangi ya kahawia, upepo unavuma kutoka mashariki bila kuzuiwa na kitu. Mahali pazuri pa kushukia. Alipotua hapa mifuko ilipelekwa mjini na kupandishwa treni ya kwenda Tours, ilikokuwa serikali ya muda, na kutoka hapo barua ziligawanywa kama barua nyingine yoyote.

Niliporudi mjini nilikaa mkahawani, nikachukua karatasi, nikaikata hadi ibaki chini ya gramu 4 kwa kipimo nilichokuja nacho. Nikamwandikia binti yangu Tanga maswali manne ya ndiyo au hapana. Vuli imeanza kunyesha? Mama yako anatembea bila fimbo? Mdogo wako amekubali kurudi shule? Barua yangu ya mwezi wa saba uliipata? Nilikwama kwenye lile la pili kwa muda mrefu, maana nilitaka kuuliza mengi juu ya goti lake, na ndiyo au hapana haikutosha.

Karani wa posta ya Évreux aliiweka kwenye mizani, akatazama namba, akanitazama mimi. Nilimwomba anipigie muhuri kwa mkono badala ya kuipitisha mashineni. Alifungua droo, akatafuta, akautoa, akaupuliza vumbi, akageuza gurudumu la tarehe, akapiga mara moja, taratibu, katikati ya stempu na karatasi. Tarehe inasomeka yote.